Ndevu Nyuma ya Mstari wa Manjano

Mke wa mkubwa wangu wa zamani kazini alinipigia simu asubuhi, chai yangu hata sijaimaliza. "Mwanangu, njoo Qurayyat umwambie bwana wako aoshe ndevu," akasema. Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Kifua kilikuwa kimemshinda mzee, hospitali wamempa mashine ya oksijeni akae nayo nyumbani, mrija puani kutwa, na nesi amewaeleza waziwazi: moto usikaribie, na mafuta yasipakwe usoni. Naye kila asubuhi anazipaka ndevu zake mafuta kama bwana harusi, na kila baada ya Alasiri anataka chetezo cha udi kiwekwe mbele yake, mkaa mwekundu unawaka. "Iko siku tutaungua humu ndani, na yeye ndiye wa mwanzo," mkewe akasema. "Mie hanisikii, watoto hawasikii. Wewe mtu wa kazi yake, huenda akakusikia."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kwa sababu mtu huyu, khasa mtu huyu, ndiye aliyetutesa miaka na miaka kwa ajili ya mafuta. Alitunusa, alituregesha nyumbani, alitutia aibu mbele za watu. Sasa yeye amekaa sebuleni kwake na oksijeni puani na mafuta kidevuni, na mimi ndiye ninayetakiwa nende nikamfundishe.

Tulimwita Msimamizi. Jina lake lilikuwepo, lakini sikupata kusikia mtu analitumia, hata mkewe kwenye simu husema "bwana wako" au "huyo". Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, hayo nayaacha. Hapa Maskati ukimfungulia mtu mlango huo utakaa mpaka Magharibi unasikiliza nani alimuoa nani Unguja na nani alihamia Tabora na kwa nini. Mimi nilimkuta yupo karakanani, na karakana nayo ilikuwa kama imejengwa kumzunguka.

Karakana yenyewe iko Wadi Kabir, katikati ya gereji ya malori na duka la matairi. Kazi yetu ni kutengeneza pampu za kusukuma gesi zilizopozwa mpaka zikageuka maji: naitrojeni, oksijeni na ndugu zao. Baridi yake si ya friji. Bomba lake ukiligusa kwa mkono mtupu, ngozi inabaki pale. Lakini baridi si jambo lililomtia hofu Msimamizi. Alichokiogopa ni mafuta, kwa sababu oksijeni ile ikikutana na mafuta ndani ya pampu inayozunguka, hata alama ya kidole chenye samli tu, moto unaweza kuripuka na chuma chenyewe kikawaka.

"Oksijeni haiwaki," akitwambia. "Oksijeni ni mfitini. Yeye mwenyewe hapigani, anapiganisha."

Kwa hiyo tulikuwa na chumba safi cha kufungulia na kufungia pampu za oksijeni, na mlangoni pake mstari wa manjano umepigwa sakafuni. Nyuma ya mstari, fanya utakalo. Mbele ya mstari, usiwe na mafuta mwilini, wala manukato, wala krimu ya mikono. Na pembeni ya mstari, kwa nje, kiti cha plastiki cheupe, na juu ya kiti, Msimamizi.

"Lete mkono," husema.

Unamnyooshea. Anakushika kidole cha kati kwa ncha za vidole vyake, anakigeuza kiganja, anakinusa kama anunuaye samaki. Kisha anakuhukumu mbele ya wenzako. "Biriani. Ya Hamriya hiyo, mkahawa wa pembeni, mafuta yao hawayabadilishi. Rudi ukaoshe." Mwengine: "Umempaka mtoto mafuta ya nazi asubuhi. Mtoto ana mama yake. Rudi ukaoshe." Otieno, fundi wetu kutoka Kisumu, alijaribu kumshinda kwa njaa. Akaja tumbo tupu, mikono imesuguliwa mpaka imepauka. "Mzee, leo hata chai sijakunywa," akasema. Msimamizi akamnusa, akafikiri, akamwambia, "Ulimpa mkono dereva wa teksi." Na kweli alimpa. Otieno alirudi kunawa huku akiniuliza kwa sauti ya chini kama mzee huyu ni binadamu ama ni mbwa wa polisi.

Siku moja alimrudisha bwana harusi. Kijana wa watu kaoa juzi, hina bado mbichi kwenye vidole, nguo zote zimefukizwa. Msimamizi hakumshika hata mkono. Alimwangalia kutoka mbali, akasema, "Mubarak. Nenda nyumbani, urudi ndoa ikishakauka." Tulicheka, kijana akaona haya mpaka masikio. Lakini lazima niseme ukweli: siku ile tulikuwa na pampu ya oksijeni imefunguliwa mezani, na kijana angeigusa.

Kila alilolikataza kwa wengine alilikataza kwa kiburi, na kila alilolijua alilijua kwa kelele. Mtu wa baridi, lakini baridi hawezi. Mwezi wa nane, Maskati inachemka, lami inashika viatu, Msimamizi kavaa sweta la sufu juu ya kanzu, na kiyoyozi cha upande wake kimezimwa kwa amri. Chai yake ilikuwa lazima iunguze ulimi. Ukimletea iliyopoa kidogo anakutazama kama umemtukania mama yake. Nilimuuliza siku moja, "Ami, wewe miaka yote unashinda na naitrojeni, baridi hii ya kiyoyozi inakufanya nini?" Akanijibu, "Ile iko ndani ya bomba, bibie. Hii inanijia shingoni."

Wageni wakubwa walikuwa mtihani wake mtamu. Mnajua adabu zetu: mgeni haji mikono mitupu, na mwenyeji hampi mgeni mkono mtupu. Wakija wakubwa kutoka kwenye kampuni zenye pampu, huja na sahani ya halua, imemetameta kwa samli, na halua haikataliwi. Sasa utafanya nini? Kuikataa ni ufedhuli, kuila ndani ni balaa. Msimamizi alipata dawa yake. Aliamrisha halua na kahawa viandaliwe nje, mahali pa kuegeshea magari, juani. Basi waje mabwana na vilemba vyao vilivyofungwa vizuri, na bakora zao, wasimame kwenye lami saa sita mchana wakila halua kwa vidole huku jasho linawatiririka. Wakimaliza, wanataka kuingia waone kazi. "Karibuni sana," Msimamizi anasema, "mwisho mstari huu." Wanasimama nyuma ya mstari wa manjano, wanachungulia, wanasifu, wanaondoka. Mmoja alithubutu kuuliza kwa nini wasiletewe maji wakanawa. "Mkono utanawa," Msimamizi akamwambia. "Na kilemba je?" Yule bwana alinukia udi mpaka barabarani.

Na masikio yake. Hapo ndipo alipotuchosha. Ile pampu ya baridi haiwashwi ikiwa na joto. Kwanza unaifungulia gesi kidogo kidogo, inatokota, inatoa moshi mweupe, unangoja mpaka bomba lishike barafu, ndipo unawasha. Ukifanya haraka, pampu inameza mvuke badala ya maji, na mvuke ule unaisaga kama umeitia kokoto. Msimamizi alidai anausikia mvuke ule kutoka kitini kwake, mlango umefungwa. Siku moja tuko katikati ya majaribio, akainuka na fimbo juu. "Zimeni. Zimeni. Mnailisha kokoto." Tukazima. Kimya. Na kelele za kokoto zikaendelea, kwa sababu zilitoka gereji ya jirani, wanasaga bodi la lori. Tukamwangalia. Akaketi taratibu, akajimiminia chai. "Bora tulivyozima," akasema. "Ingeanza punde." Mpaka leo karakanani, mtu akikosea na hataki kukubali, tunamwambia, "Ingeanza punde."

Mimi aliniweka nje muda mrefu. Nilikuja na shahada yangu, nikafanya pampu za naitrojeni, nikafanya za argoni, lakini ya oksijeni hakuna kuifunga na kuiwasha mpaka Msimamizi aseme "Pita". Wengine walipita. Mimi kila nikileta mkono: "Kitunguu." "Ami, kitunguu si mafuta." "Kimekaangwa kwa nini? Kwa maji?" Nikaacha kupika. Mama yangu akalalamika nyumbani kwamba kazi imeniharibu, sitaki hata kukuna nazi. Nikaja siku moja, mikono safi kuliko ya maiti aliyeoshwa. Akainusa. "Rudi ukaoshe." Nikarudi nikaosha. Akainusa. "Rudi ukaoshe." Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanilenga, lakini nikarudi, nikaosha, nikaja nikamnyooshea mkono. Akanitazama usoni, hakuunusa hata. "Pita," akasema.

Baadaye, pampu imeshawaka na bomba limeshika barafu vizuri, nikamuuliza kilikuwa kitu gani mikononi mwangu. "Hakikuwa kitu," akasema. "Ilikuwa safi mara ya mwanzo. Nilitaka nione kama utarudi. Mtu anayechoka kuosha, siku moja atasema leo basi, na siku hiyo ndiyo ya moto." Nilimchukia wiki nzima kwa jibu lile.

Sasa ndevu. Ndevu za Msimamizi zilikuwa nyeupe, zimechongwa, zimelala vizuri, wala upepo haukuzivuruga. Alizipenda kuliko alivyopenda watu. Alikuwa na mafuta yake ya kopo, ya duka moja la Hamriya, anayachanganya mwenyewe na matone ya udi, na kopo hakumwonesha mtu. Sisi tulio karibu naye kila siku tulisikia harufu, lakini hapa Maskati mwanamme kunukia udi ni kama kuvaa viatu, nani ataangalia? Na zaidi ya hayo, mzee hakuingia chumba safi. Alikaa kitini, anaelekeza kwa fimbo kupitia kioo cha mlango. Tukisema, ndio ukubwa huo. Mkubwa haingii jikoni. Wafanyakazi wapya tukiwaeleza hivyo hivyo: Msimamizi amefika daraja ambayo hashiki tena spana. Hata wakurugenzi walimheshimu kwa kile kiti.

Tulikuwa na taa ya zambarau ya kukagulia usafi. Ukizima taa za kawaida ukaimulika sehemu ya pampu, mafuta mengi, khasa haya ya makopo, yanang'aa rangi ya buluu hata kama jicho halikuyaona. Siku moja umeme wa chumba umezimwa na varanda yote giza, Otieno ameshika taa, tunakagua gurudumu la pampu. Safi. Msimamizi kafungua mlango akasimama pale pale kwenye mstari, anauliza, "Vipi?" Otieno akageuka kumjibu, na taa ikageuka naye.

Ndevu zikawaka. Zote, kutoka sikio mpaka sikio, buluu iliyopauka, zinaelea gizani, na juu yake macho mawili yanatusubiri jibu.

Ungesema nini? Mtu mzima, mwalimu wako, kakunusa miaka, halafu wewe umwambie, Ami, mafuta unayo wewe? Otieno aliizima taa haraka. "Iko safi, mzee," akasema. Mlango ulipofungwa akaninong'oneza, "Nyani haoni kundule." Tukacheka mpaka tukakaa chini, mikono mdomoni asitusikie. Tangu hapo kila aliposema "Rudi ukaoshe" tulikuwa tunaona ndevu zile zinawaka, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alipostaafu alihamia Qurayyat kwa wakwe zake, karakana ikamuaga kwa halua, juani, kama alivyotaka mwenyewe.

Basi siku ile mkewe aliponipigia simu, nilikaa karakanani mpaka Adhuhuri, nikachukua taa ya zambarau, nikanunua halua, nikashika njia ya milimani. Njia nzima napanga maneno. Maneno yote yalikuwa mabaya. Ukianza na heshima hutafika kwenye ndevu, na ukianza na ndevu heshima imekwisha.

Mkewe alinipokea mlangoni, leso kichwani, macho mekundu. "Mganga hajigangi, mwanangu," akasema, akanipitisha. Chetezo kilikuwepo juu ya meza ndogo, mkaa umeshashika. Nilikichukua mimi mwenyewe nikakitoa mpaka uani kabla hata sijaamkia. Khalati, ndivyo ninavyomwita mkewe, akanitazama tu.

Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hata nyumbani kwake. Sweta mwilini. Mrija unapita nyuma ya masikio mpaka puani, mashine pembeni inahema. Amekonda sana, lakini ndevu zimelala vizuri kama zamani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Udi wangu umeupeleka wapi?"

"Nje."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Hilo halikumpendeza. Akanyoosha mkono. "Lete mkono," akasema, na mimi nikampa, ule ule niliotoka kukatia halua garini, nimemega kipande njiani, vidole vinanata kwa samli. Sikukusudia. Akakishika kidole changu cha kati, akakigeuza kiganja, akakileta puani chini ya mrija. Akanusa. Akanusa tena, macho kafumba, kama mtu anayetafuta jina.

"Hakuna kitu," akasema. "Pita."

Nilisimama pale na samli yangu mkononi. Pua ile ilijua Otieno alimpa mkono dereva gani. Khalati aliona vidole vyangu, akageuza uso ukutani.

Sikumwambia habari ya samli. Nilikwenda kufunga mapazia, nikatoa taa kwenye mkoba, nikamwomba Khalati kioo. Nikakishika mbele yake, nikawasha. Ndevu zikang'aa buluu kwenye kioo, na mrija ukapita katikati yake. Akajitazama muda mrefu. Mashine ilihema, ikahema.

"Hii taa ya karakanani," akasema.

"Ya karakanani."

"Siku ile Otieno alipogeuka. Mliona."

"Tuliona, Ami."

"Mkacheka."

"Tulicheka sana."

Akatikisa kichwa. "Mlidhani sijui? Nilijua ndevu zangu zina nini. Niliwahi kuziacha bila mafuta, nikaona nimekuwa kama mtu wa kuokotwa. Sikuweza. Basi nikasema, kama siwezi kuacha, siingii. Miaka yote ile sikuuvuka ule mstari hata unyayo. Nyinyi mkaniona mkubwa, nikawaacha mnione mkubwa."

Nikazima taa. Na hapo ndipo nilipolipata neno nililolitafuta njia nzima.

"Mstari umekufuata, Ami," nikamwambia. "Sasa uko puani kwako. Hakuna tena nyuma ya kusimama."

Khalati alikuwa mlangoni, leso mdomoni, haingii wala hatoki. Kisha mzee akauvua mrija, akauweka kitini, akashika ukuta na kwenda msalani mwenyewe, hataki kushikwa. Tukasikia maji. Tukasikia anajisugua na kuguna, kama mtoto aliyelazimishwa kuoga. Nilinawa mikono yangu jikoni mara mbili.

Alirudi anatweta, ndevu zimelowa, zimesimama huku na huku, uso wake mdogo kuliko nilivyoujua. Nikamvika mrija, akapumua mpaka kifua kikatulia. Kisha akainua kidevu mbele yangu, bila kuambiwa. Nikainama nikanusa. Hapakuwa na kitu ila sabuni.

"Bado," nikamwambia. "Rudi ukaoshe."

Akanitazama usoni. Nilidhani atanitukana. Akauvua mrija polepole, akanipa niushike, akashika ukuta, na tukasikia maji yanafunguliwa tena.